Mwanangu, kata robo kwanza

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na baba yako anakusalimu. Umeniuliza utenge kiasi gani kwa baiskeli yako ya kwanza ya barabarani, zile za mwendo zenye tairi nyembamba. Unasema umeziona mbili dukani, moja ya fremu ya alumini na nyingine ya fremu ya kaboni yenye bei mara mbili na ushee, na wenzako kazini wanakushikilia uchukue ya kaboni usije ukajuta na kununua tena.

Mimi ningechukua ya alumini. Hata hivyo, usiilipie kabla hujaipanda, na sababu yake nitakueleza.

Tuanze na pesa. Kiasi kinachokufaa ni kile ambacho, baiskeli ikiibiwa kesho, utaumia lakini kodi ya nyumba utalipa na hutaenda kumkopa mtu. Kiandike mahali. Kisha kata robo uiweke pembeni, maana baiskeli haiji peke yake. Nyingi za barabarani, hasa za bei ya juu, huuzwa bila hata pedali. Kuna helmeti, taa za mbele na nyuma, kufuli la maana, pampu, tyubu mbili za akiba na kaptura yenye sponji. Hiyo kaptura usiicheke. Zile robo tatu zilizobaki ndizo bei ya baiskeli yenyewe. Muuzaji atazungukazunguka mpaka aifikie ile robo yako, mwache aongee.

Sasa la kuipanda. Yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ilikuwa na punguzo. Fremu ilikuwa ya sentimita 56, mimi ni mtu wa 52. Muuzaji akashusha kiti, akanipigapiga begani, akasema mwili utazoea. Haukuzoea. Baada ya saa moja barabarani vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinakufa ganzi, na nikifika nyumbani nashindwa kufungua vifungo vya shati langu mwenyewe. Nikanunua shingo fupi ya usukani, nikabadilisha kiti, nikamlipa fundi. Mwezi wa saba nikaiuza chini ya nusu ya bei. Ukijumlisha yote hayo, ningeweza kununua ya saizi yangu bila punguzo na chenji ikabaki.

Kwa hiyo ukifika dukani, kaa juu yake mtu akiwa ameishikilia. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: goti linyooke bila nyonga kuyumba. Kisha shika usukani pale zilipofungwa breki. Viwiko vibaki vimekunjika kidogo na mabega yasipande masikioni. Omba uiendeshe nusu saa. Wakikataa, nenda duka jingine.

Kuhusu kaboni, tupige hesabu. Tuseme wewe una kilo 70 na baiskeli ya alumini ina 10, jumla 80. Ya kaboni ikikupunguzia kilo 2, umepunguza asilimia 2.5. Kilima cha dakika 20 utakipanda kwa kuokoa nusu dakika, tena kiwe kikali. Kwenye tambarare hata hiyo huipati, kwa sababu ukishakimbia, mzigo mkubwa ni upepo, na kinachoukinga upepo zaidi ni kifua chako wala si fremu. Hao wa mashindano wenyewe, UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, hakiwaruhusu kushuka chini ya kilo 6.8. Ukitaka baiskeli ibadilike tabia kwa pesa kidogo, weka tairi nzuri. Angalia fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele vinapokea upana wa milimita 28, ikiwezekana 32, kisha usizijaze presha mpaka ziwe mawe.

Kwenye gia ndiko ningeongeza kidogo. Kwa miaka mingi ngazi za Shimano, watengenezaji wa gia na breki, zilikuwa Claris yenye gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, halafu 105 yenye 11 na siku hizi 12. Ukipanda kutoka Claris hadi 105 kidole kitahisi tofauti, na mkono pia ukifunga breki. Juu ya hapo, Ultegra na Dura-Ace, sehemu kubwa ya pesa inaenda kwenye kupunguza gramu. Claris si aibu lakini. Inavumilia, na cheni yake ni ya bei nafuu.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: iliyotumika. Kwa pesa ile ile unapata ya ngazi ya juu, ila uwe na macho. Ya kaboni iliyotumika iache, maana ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Ya alumini pitisha kidole kwenye maungio yote. Zungusha magurudumu uone kama rimu inacheza. Kisha nenda na rula yenye inchi upime cheni. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya 24 baada ya ile unayoanzia inatakiwa kukaa juu ya inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Ikipita kwa moja ya nane, hesabu kwamba imeshakula na meno ya nyuma, na hiyo gharama ikatwe kwenye bei yake, isitoke kwenye robo yako.

Ukienda Jumamosi, nipigie ukiwa bado dukani kabla hujalipa. Nitumie picha mbili: moja ukiwa juu yake umeshika usukani, ipigwe kutoka ubavuni, nyingine, kama ni iliyotumika, ya rula juu ya cheni. Rangi chagua mwenyewe.

Mama yako