Taa nane za testa kuwaka haina maana kebo ya studio ni nzima

Mkuu usinunue swichi nyingine (ile ya kugawa netiweki) kwanza, hela itaenda bure. Umesema redio yenu hapo Masasi mmehamia kwenye sauti ya kupita kwenye netiweki, fundi kapima kebo zote taa moja mpaka nane zinawaka, lakini hewani kunasikika tk tk tk na saa nyingine sauti inakata kabisa. Hilo limenikuta Lindi mjini, kistesheni kimoja karibu na bahari, nikahangaika nalo siku tatu, roho inaniuma kila mtangazaji akikatika katikati ya taarifa ya bei ya korosho watu wanaisubiria.

Ile testa ya bei ya chini inauliza swali moja tu, huu waya umefika upande wa pili au haujafika. Haijui kama umefika na mwenzake. Ndani ya kebo nyaya zimesokotwa mbili mbili na ule msokoto ndo unaozuia kelele, na kwenye RJ45, yaani plagi ya kebo, pini 1 na 2 ni jozi, 3 na 6 ni jozi, 4 na 5, 7 na 8. Fundi aliyenitangulia alipanga rangi jozi kwa jozi kama zilivyo, chungwa zote mbili, kijani zote mbili, bluu, kahawia, pande zote sawasawa, testa ikakubali, kumbe pini 3 ina waya wa jozi ya kijani na pini 6 ina waya wa jozi ya bluu, msokoto hausaidii kitu tena. Kipande cha mita mbili tatu kinaweza kukubali hivyohivyo, ila ile ndefu ya kwenda chumba cha mitambo, kama mita 60, ndo ilikuwa inaua matangazo. Mpangilio sahihi wa B (T568B) ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, BLUU, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Chungulia plagi zenu leo, ni transparenti, huhitaji kifaa.

Na usidanganyike kwamba mbona intaneti ya ofisi inapita kwenye kebo hizohizo. Ukurasa wa intaneti paketi (kipande cha data) ikipotea inaombwa tena, wewe hata hujui. Sauti ya laivu haina huo muda, kwenye Dante, mfumo wa kupitisha sauti kwenye netiweki, kwa kawaida inachelewa milisekunde 1 tu, ikipotea imepotea na msikilizaji kashasikia.

Kama huna mashine kubwa ya kupimia (na ukipata wa kukuazima azima), ingia kwenye swichi yenyewe. Angalia kila poti iko kasi ya 1000 (Mbps) au imeshuka 100, halafu angalia hesabu ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika, ifute iwe sifuri, acha sauti ipite usiku kucha, asubuhi rudi. Poti isiyo na tatizo inabaki sifuri, yetu ilikuwa inapanda kila saa. Zima na ile EEE ya kuokoa umeme kwenye poti, inavuruga saa inayovioanisha vifaa vya sauti.

Kingine kebo yenyewe. Madukani kuna nyingi za alumini iliyopakwa shaba, huku kwetu pwani na chumvi hii ya hewani usiziguse. Kwangua waya kwa wembe, ndani ukiona weupe hiyo siyo. Au boksi zima la mita 305 la Cat5e, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande mmoja, upande wa pili pima kwa multimita, shaba halisi haizidi om 57 hivi, ikienda 80 rudisha dukani. Sisi tulivuta upya nyingine yote, ilituuma lakini hamna namna.

Ukivuta upya usiikaze kwa nguvu wala kuikunja kona kali, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kwenye plagi, ile ya ukutani isizidi mita 90, na isilale bega kwa bega na nyaya za umeme, hasa ile ya kutoka kwenye jenereta.

Anza na kebo inayotoka kwenye miksa, ikate plagi zote mbili ukrimpu (ubane plagi mpya) upya kabla ya kipindi cha jioni, halafu niandikie namba ya CRC ya asubuhi nikuangalizie.