Barua kwa mwanangu: shirika na ushirikina

Bukavu, Kadutu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kweli, kama alivyokuambia mwenzako wa kazini huko Lubumbashi, kwamba neno shirika na neno ushirikina ni ndugu, na kwamba kwa sababu hiyo Wakristo hatungepaswa kuziita jumuiya zetu za mtaani shirika, jina lenye harufu ya uchawi. La kwanza ni kweli, la pili si kweli, nami nitakueleza taratibu, kwa kuwa neno hili limenilea.

Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, katika mzizi wa konsonanti tatu, sh, r na k, ambao hubeba maana ya kuwa na fungu katika kitu kimoja pamoja na mwingine. Mbia katika biashara huitwa sharik, na kampuni huitwa sharika. Mzizi wenyewe hauna dhambi; la kuangalia ni kitu gani kinashirikiwa na nani anapewa fungu. Waislamu hufundisha kwamba Mungu ni mmoja na hana mwenza, hivyo kumwekea mshirika ni dhambi kuu, nayo huitwa shirki. Wanaofanya hivyo huitwa mushrikin, na humo ndimo Kiswahili kilimopata mshirikina na ushirikina, maneno yaliyopanuka baadaye yakachukua pia hirizi, ramli na uchawi. Linaloshutumiwa hapo ni kumpa kiumbe yale yaliyo ya Mungu peke yake. Jirani anayekula na jirani yake hajaguswa.

Upande wa pili wa ukoo ni mpana. Tunaposali Kanuni ya Imani tunakiri ushirika wa watakatifu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro nao walipounganisha mazao yao mwaka 1933 katika KNCU (Kilimanjaro Native Cooperative Union), umoja wao uliitwa chama cha ushirika. Maaskofu wa Kongo walipoamua mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, Wakristo wa mtaa mmoja wakisoma Neno na kusaidiana, sisi wa huku Kivu tulikuja kuziita shirika. Naona jina lilichaguliwa vizuri.

Nitakuambia kwa nini, na hapa naomba usome polepole. Kiswahili kina kugawana na kina kushiriki, na watu huyachanganya. Mkigawana samaki, kila mmoja huondoka na kipande chake na samaki hayupo tena. Mkishiriki kitu, kila mmoja ana fungu lake na kitu kinabaki kizima. Mama yangu alipofariki ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Watu wa shirika walileta viti, maji na unga, na mjane mmoja mzee, ambaye nyumbani kwake hakukuwa na kitu, alikuja na makaa yaliyojaa nusu ya ndoo. Hakusema neno. Aliketi kando ya jiko letu usiku kucha, akiongeza kaa moja moja ili chai ya waombolezaji isipoe, na alfajiri mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Kilio hakikupungua kwa sababu yake, wala hakuondoka na kipande chake. Kilikuwa kimekuwa chake pia, kizima. Tangu siku hiyo sijahitaji kamusi kwa neno hili, ingawa bado nafurahi kuifungua.

Kwa hiyo mjibu mwenzako kwa heshima, maana amesikia vizuri undugu wa maneno haya, na wengi hawausikii. Mwambie tu kwamba ndugu wawili wa tumbo moja huweza kushika njia mbili.

Mama yako anakusalimu sana. Jumatano hii ni zamu yetu kukaribisha shirika nyumbani, naye ameshaanza kuazima mabenchi.

Baba yako