Kuandika maisha ya mzee aliyepigana Kagera na kurudi kwenye randa

Msibani wasifu wa marehemu huwa na umbo lile lile: alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akaugua, ameacha mjane na watoto kadhaa. Baba yetu alikuwa mgambo wa vita vya Kagera, kisha fundi seremala mpaka uzeeni. Alistahili zaidi ya hapo, kwa hiyo mdogo wangu nami tulianza kumwandika akiwa hai. Kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, anza sasa.

Sehemu ngumu ni vita. Mzee hakumbuki tarehe. Anakumbuka mvua, njaa na wenzake. Ukimbana kwa "ilikuwa lini?" atachoka. Jifunze wewe tarehe zinazojulikana, kisha umuulize alikuwa wapi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba, Masaka ikatekwa Februari 1979, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Nilipomuuliza baba kama alifika Masaka kabla au baada ya mji kutekwa, alinyooka kitini akaanza kusimulia njia nzima, na katikati ya njia likatoka jina la rafiki yake aliyezikwa huko. Jina hilo hatukuwahi kulisikia nyumbani. Hotuba ya Mwalimu nayo husaidia: mzee akisikia "uwezo wa kumpiga tunao", mara nyingi atakuambia alikuwa wapi redio ilipoitangaza.

Akinyamaza, zima simu unayorekodia, mzungumze mengine. Kuna mambo ana haki ya kuondoka nayo. Wala usimpambe. Baba alibeba masanduku ya risasi na kuchimba mahandaki, na ndivyo tulivyoandika.

Muulize na mama. Wetu alibaki na mtoto mchanga, shamba linasubiri jembe, barua haziji. Miezi ile ni sehemu ya maisha ya baba pia, ingawa yeye asingeweza kuisimulia.

Kuhusu ufundi, watoto ndio tunaojua kidogo kuliko wote. Tulimwona akirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, basi. Nenda kwa vijana aliowafundisha kazi na kwa wateja wake. Kijana mmoja wa karakana alitusimulia jinsi baba alivyokataa kazi ya vitanda kwa sababu mteja alitaka vitengenezwe kwa mbao mbichi. Mbao isiyokauka husinyaa baadaye, viungo vinalegea, kitanda kinaanza kulia. Mteja alienda kwa fundi mwingine, na wiki ile nyumbani hela ilikuwa ya shida. Kwangu kisa hicho kinamweleza baba kuliko kuandika "alikuwa mwaminifu". Piga picha pia za makabati, meza na milango aliyotengeneza, kabla hazijauzwa au kupakwa rangi upya.

Ukifika kwenye familia, sentensi ya "aliipenda sana familia yake" iache. Andika alichofanya. Kila mtoto aliyekwenda bweni, baba alimtengenezea sanduku la mbao kwa mkono wake, ndani akaweka kisanduku kidogo cha kuficha nauli ya kurudi. La dada yetu mkubwa bado linatunza nguo za wajukuu.

Siku ya mazishi hutapewa muda mrefu, mshereheshaji atakuwa anatazama saa. Andaa kurasa mbili za kusoma pale, na uhifadhi maandishi marefu kwa ajili ya ukoo. Mpe asome mtu ambaye sauti haitamkatika. Kwetu alisoma shemeji. Sauti ulizorekodi zinakili kwenye simu za watu watatu au wanne wanaoishi nyumba tofauti, kwa kuwa simu huibiwa na huharibika, na kila faili uipe jina la mzee na mwaka.