Uliza Ujibiwe: Makipa wa Hoki ya Barafuni

Tangu tulipoandika kwa ufupi juu ya hoki ya barafuni katika toleo lililopita, barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba karibu zote zinamuulizia mtu mmoja, naye ni kipa. Tumechagua tano.

SWALI: Assalaam alaykum. Barzani kwetu kumezuka ubishi. Mimi nasema makipa wa zamani wa mchezo huu walisimama langoni nyuso wazi, bila ya kinyago. Wenzangu wanasema hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Nani mkweli? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Mkweli ni wewe, ingawa mshangao wa wenzako una sababu. Kinachopigwa katika mchezo huu si mpira wa duara bali ni kisahani cha mpira mgumu, chenye kipenyo cha sentimita 7.62, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, na ambacho mpigaji hodari huweza kukirusha kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa. Pamoja na hayo, katika NHL, ligi inayokutanisha timu za Kanada na Marekani, makipa walicheza nyuso wazi kwa miongo kadhaa. Clint Benedict wa Montreal Maroons alivaa kinyago mwaka 1930 baada ya kuumizwa usoni, lakini alikiacha baada ya mechi chache.

Aliyeleta mabadiliko ya kudumu ni Jacques Plante wa Montreal Canadiens. Alikuwa akivaa kinyago mazoezini, ila kocha wake, Toe Blake, hakumruhusu kukivaa katika mechi. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, pigo la Andy Bathgate lilimpasua uso. Alipokwisha kushonwa alitamka kwamba harudi barafuni ila akiwa na kinyago chake. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa, nasi hatukatai, lakini tunaona kilichoamua jambo ni kwamba timu za zama hizo zilisafiri na kipa mmoja tu. Blake hakuwa na mtu wa kumtegemea badala ya Plante, kwa hiyo alikubali shingo upande, na Canadiens wakashinda 3-1. Timu ilipozidi kushinda, kocha akakosa hoja. Hata hivyo ilichukua miaka mingine kwa makipa wote kufuata: wa mwisho kucheza NHL bila ya kinyago alikuwa Andy Brown wa Pittsburgh Penguins, mwaka 1974.

SWALI: Katika mpira wa miguu, kipa akiumia na nafasi za kubadilisha zikiwa zimekwisha, mchezaji wa ndani huvaa glavu. Katika hoki ya barafuni inakuwaje? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Zamani ilikuwa kama unavyosema, na wakati mwingine zaidi ya hivyo. Katika fainali ya Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa NHL, mwaka 1928, kipa wa New York Rangers, Lorne Chabot, aliumizwa jicho. Wapinzani wao, Montreal Maroons, walikataa timu hiyo isiazime kipa mwengine aliyekuwa amekaa miongoni mwa watazamaji, basi kocha mwenyewe, Lester Patrick, mtu wa miaka 44, akavaa vifaa na kuingia langoni. Rangers walishinda 2-1 katika muda wa ziada. Ni kuanzia msimu wa 1965/66 ndipo NHL ilipolazimisha kila timu kuwa na makipa wawili tayari.

Na wawili hao wakiumia wote? Jambo hilo lilitokea Toronto tarehe 22 Februari 2020. Kanuni ya wakati huo ilitaka uwanja mwenyeji uwe na kipa wa dharura anayeweza kuchezea timu yoyote kati ya mbili, na siku hiyo alikuwa David Ayres, mwenye umri wa miaka 42, mfanyakazi wa uwanja wa barafu ambaye alikuwa amepandikizwa figo aliyopewa na mama yake. Aliingia kuidakia Carolina Hurricanes dhidi ya Toronto Maple Leafs. Mapigo mawili ya mwanzo yote yakawa mabao, kisha akazuia manane yaliyofuata, na Carolina wakaondoka na ushindi wa 6-3.

SWALI: Ni rekodi gani ya kipa ambayo nyinyi mnaamini haitovunjwa? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

JIBU: Wapo watakaomtaja Martin Brodeur, aliyeshinda mechi 691 na kumaliza mechi 125 bila ya kufungwa, akimpita Terry Sawchuk aliyekuwa na 103. Sisi tunamchagua Glenn Hall. Kati ya mwaka 1955 na Novemba 1962, akiwa na Detroit Red Wings na baadaye Chicago, alicheza mechi 502 za ligi mfululizo, bila ya kinyago, na kwa mazoea alitapika kabla ya mchezo kwa wasiwasi. Kilichomtoa hatimaye ni maumivu ya mgongo. Siku hizi makipa wawili hugawana msimu, kwa hivyo hata kipa mwenye afya ya chuma hapewi nafasi ya kuikaribia idadi hiyo.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kike skuli wanauliza iwapo kuna mwanamke aliyewahi kudaka katika ligi hiyo. (Mwalimu, Chake Chake)

JIBU: Yupo, Mwalimu, ingawa ilikuwa mechi ya kirafiki ya kabla ya msimu. Tarehe 23 Septemba 1992 Manon Rhéaume aliidakia Tampa Bay Lightning kipindi kimoja dhidi ya St. Louis Blues, akafungwa mabao mawili katika mapigo tisa. Mwaka 1998 alipata medali ya fedha ya Olimpiki huko Nagano akiwa na timu ya Kanada.

SWALI: Je, kipa hufunga? (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Hufunga, kwa nadra. Timu inayotaka bao huweza kumtoa kipa wake na kuongeza mshambuliaji, na hapo lango hubaki tupu. Mwaka 1979 Billy Smith alihesabiwa bao kwa kuwa yeye ndiye aliyekigusa kisahani mwisho kabla ya mpinzani kukipeleka kwa bahati mbaya katika lango lake mwenyewe. Wa kwanza kupiga mwenyewe na kufunga katika NHL ni Ron Hextall wa Philadelphia Flyers, Disemba 1987, dhidi ya Boston Bruins. Naye alirudia kazi hiyo hiyo katika mechi za mtoano za mwaka 1989.