Wasomaji Wanauliza: Eunice Williams alikuwa mtoto wa nani?

Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mlimtaja kwa mstari mmoja Eunice Williams, binti wa mchungaji wa Kiingereza huko Amerika, aliyetekwa akiwa na umri wa miaka 7, akalelewa na Wamohawk, taifa la wenyeji wa Amerika, karibu na Montreal, na alipotakiwa kurudi kwa baba yake akakataa. Mimi ni mwalimu wa historia, na niliposimulia kisa hicho darasani wanafunzi wangu waligawanyika: wengine wanashikilia kwamba alitiwa kasumba na waliomteka, wengine wanasema aliamua mwenyewe. Ukweli uko upande gani?
*Mwalimu, Tanga*

Ndugu Mwalimu, lile ambalo halina ubishi ni kwamba alichukuliwa kwa nguvu. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Februari 1704, kwa kalenda waliyoitumia Waingereza wakati huo, Wafaransa wa Kanada na washirika wao wenyeji, wakiwemo Wamohawk wa Kahnawake (kijiji chao karibu na Montreal), Waabenaki na Wahuroni, walikivamia kijiji cha Deerfield kilichokuwa mpakani mwa koloni la Massachusetts. Walichukua mateka 112, miongoni mwao Mchungaji John Williams, mkewe na watoto wao watano. Wadogo wengine wawili, mmoja wao akiwa na umri wa wiki sita tu, waliuawa nyumbani hapo hapo, na mama yao, ambaye mwili wake ulikuwa haujarudia nguvu tangu uzazi huo, alianguka katika mto siku ya pili ya safari, akauawa kwa kuwa hakuweza kuendelea kutembea. Katika nyumba hiyo walikuwamo pia Waafrika wawili, mume na mke, Frank na Parthena. Parthena aliuawa wakati wa uvamizi, na Frank aliuawa na watekaji waliokuwa wamelewa usiku wa kwanza wa safari. Nawataja kwa sababu ni rahisi kuwasahau, na pia kwa sababu mchungaji ambaye angeutafuta uhuru wa binti yake kwa miaka mingi alikuwa yeye mwenyewe akimiliki watumwa.

Safari ya kwenda Kanada ilikuwa ya takriban kilomita 480 juu ya theluji, na mateka wapatao 20 hawakufika. Eunice alifika kwa sababu alibebwa. Baba yake mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu ya kuwasifu maadui zake, aliandika baadaye kwamba binti huyo alibebwa njia nzima na kutunzwa kwa upole mwingi.

Sasa linganisha shuhuda mbili zinazotenganishwa na miaka tisa. Ya kwanza inatoka katika miezi ya mwanzo ya utekwa, baba aliporuhusiwa kumwona. Msichana bado aliikumbuka katekisimu aliyofundishwa nyumbani, na alimlalamikia baba kwamba alikuwa analazimishwa kusali kwa Kilatini asichokielewa hata neno moja. Huyo ni mtoto anayetaka kwenda kwao, na hakuna namna nyingine ya kumwelewa. Gavana wa Kifaransa, Vaudreuil, alijaribu kumkomboa: alitoa fedha, akatafuta msichana mwingine wa kubadilishana naye, hata mke wa gavana akaenda kumwombea, na yote yakakataliwa. Baba alielezwa kwamba watu wa Kahnawake wangekuwa radhi kuitoa mioyo yao kabla ya kumtoa mtoto huyo. Mwaka 1706 Mchungaji Williams aliachiliwa kwa kubadilishwa na nahodha mmoja wa Kifaransa aliyekuwa mfungwa Boston, na kufikia mwisho wa mwaka huo watoto wake wengine wote wanne walikuwa wamekwisha kurudi Massachusetts. Alibaki Eunice peke yake.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 1713. John Schuyler, ofisa kutoka Albany aliyewafahamu vizuri Wamohawk, alifika Kahnawake na kumkuta msichana wa miaka 16 aliyebatizwa Mkatoliki kwa jina la Marguerite, asiyezungumza tena Kiingereza, na aliyekuwa ameolewa muda si mrefu na kijana wa hapo aitwaye Arosen. Schuyler alimsihi kwa karibu saa mbili, kwa msaada wa mkalimani, aende walau kumwamkia baba yake na kisha arejee. Alichopata ni maneno mawili tu ya kukataa. Aliripoti kwamba usoni binti huyo alionekana mwenye haya, lakini moyoni alikuwa mgumu kuliko chuma. Schuyler alipofikia hatua ya kutokwa na machozi, Arosen aliingilia kati na kusema kwamba laiti baba wa Eunice asingeoa tena, mkewe angekuwa amekwenda kumwona siku nyingi.

Kwangu mimi, sentensi hiyo ya Arosen ina uzito kuliko saa mbili za maombi ya Schuyler. Mtu aliyetiwa kasumba hadi akasahau alikotoka hana sababu ya kukasirishwa na ndoa ya pili ya baba yake. Williams alioa mwaka 1707, tena alimwoa binamu wa marehemu mkewe, na habari hiyo ilikuwa imefika Kahnawake na kukaa kifuani mwa binti yake. Kwa hiyo alikuwa anakumbuka, na aliendelea kujihesabu kuwa na neno katika mambo ya nyumba ile, ila hakukubali kurudi kuishi ndani yake.

Jibu langu basi ni kwamba wanafunzi wako wanazungumzia watu wawili tofauti. Mtoto wa miaka 7 hakuamua lolote, na wanaosema alinyang'anywa kwao wako sahihi. Mwanamke wa 1713 aliamua. Baba alipokwenda mwenyewe mwaka 1714, baada ya amani kutiwa saini, binti alibaki na msimamo ule ule, na mzee aliandika kwa uchungu kwamba hakumpa hata mtazamo mmoja wa kupendeza. Waambie pia wanafunzi kwamba karibu kila neno lake tunalolijua limepitia kalamu za watu waliotaka arudi, na watu hao walikuwa na hofu kubwa kuliko ya kumpoteza ndugu. Kwa Mpuritani kama Williams, yaani Mprotestanti mwenye msimamo mkali, binti aliyekuwa Mkatoliki alikuwa amepoteza roho yake, na kwa Mkatoliki kama Marguerite, kurudi kwa baba kungekuwa hatari ile ile kwa upande wa pili. Hilo nalo lilikuwa sababu, wala halikuhitaji mtu wa kumfunga kamba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama mlezi, nimemlea mtoto ambaye sikumzaa. Ninachoshindwa kukielewa katika habari hizi ni hawa Wamohawk. Inakuwaje watu wanashiriki katika uvamizi ambao mama wa mtoto anauawa, halafu wanamkumbatia yule mtoto kama wao na kukataa fedha kwa ajili yake? Ni upendo au ni kiburi cha ushindi?
*Mama mlezi, Morogoro*

Mama, ulichokiona si kiburi. Kwa Wamohawk na mataifa ndugu zao katika shirikisho lao, mtu alipokufa aliacha nafasi iliyokuwa na jina na wajibu katika ukoo, na nafasi hiyo ilipaswa kujazwa. Kuanzia karne ya 17 magonjwa yaliyoletwa na Wazungu, ndui hasa, pamoja na vita visivyokwisha, viliua watu wengi mno hivi kwamba koo zilikuwa na nafasi nyingi tupu. Wanawake waliofiwa walikuwa na haki ya kudai mateka, na hatima ya mateka iliamuliwa nao kwa sehemu kubwa. Mwanamume mzima aliweza kuteswa na kuuawa. Mtoto alielekea zaidi kuoshwa, kuvishwa, kupewa jina na kuwekwa mahali pa marehemu.

Ukoo wao unafuata upande wa mama. Msomaji wa Newala au Masasi, aliyekulia kati ya Wamakonde au Wayao, hatahitaji maelezo marefu hapa: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamke mwenye nyumba ana kauli juu ya walio ndani yake. Eunice alipopewa mama katika nyumba ile alipata kwa mpigo mmoja ukoo, shangazi, wajomba na dada, na hakuwekwa katika daraja la chini kwa sababu ya asili yake. Kahnawake yenyewe ilianzishwa katika nusu ya pili ya karne ya 17 na wahamiaji wenyeji walioishi karibu na misheni ya Wajesuiti, shirika la mapadre Wakatoliki, na wengi wa wakazi wake walikuwa wameasiliwa kutoka mataifa mengine au walikuwa wazao wa walioasiliwa. Katika kijiji cha namna hiyo, kumpokea binti wa Kiingereza lilikuwa jambo lenye utaratibu unaojulikana.

Kwa mtazamo huo kukataa fidia kunaeleweka. Gavana alidhani anamkomboa mateka, wao wakasikia mtu anataka kumnunua binti yao. Hata hivyo, Mama, sitaki nikufariji kupita kiasi. Utaratibu ule uliponya msiba wa nyumba moja kwa kuanzisha msiba katika nyumba nyingine, na waliokuwa Deerfield hawakuulizwa. Naamini mama yake wa Kahnawake alimpenda kweli, na naamini pia kwamba mama yake wa kwanza aliuawa na watu wa msafara huo huo. Ushahidi hauturuhusu kuliondoa mojawapo ili lingine likae vizuri.

Ndugu Mhariri, ningependa kujua jambo moja tu: je, Eunice aliwahi kuonana tena na nduguze?
*Msomaji, Mombasa*

Ndiyo, ila baba hakuwahi kumwona akija. Mchungaji Williams alifariki mwaka 1729. Mwezi Agosti 1740, baada ya zaidi ya miaka 36, Eunice na Arosen walikutana Albany na kaka zake wawili, Eleazer na Stephen, pamoja na shemeji yao. Stephen, ambaye naye alikuwa ametekwa siku ile akiwa na miaka 10, kisha akarudi na kuwa mchungaji wa Longmeadow, aliandika katika shajara yake kwamba ulikuwa mkutano wa furaha na huzuni kwa pamoja. Waliongea kupitia mkalimani. Wageni walikubali kufika hadi Longmeadow, wakakaa siku chache, wakaondoka.

Walirudi mwaka uliofuata, na tena mwaka 1743 hadi 1744, na kwa mara ya mwisho mwaka 1761. Masimulizi ya vizazi vya baadaye yanaongeza kwamba alikataa kuvaa nguo za Kiingereza na kwamba familia yake ililala katika hema bustanini badala ya ndani ya nyumba. Ninayaamini kwa nusu, kwa kuwa ni aina ya habari ambayo watu hupenda kuikuza. Lisilo na shaka ni kwamba kila mara walishawishiwa wahamie Massachusetts, na kila mara walirejea kwa watu wao kando ya Mto Saint Lawrence. Stephen alifariki mwaka 1782. Eunice alimfuata mwaka 1785, huko huko Kahnawake, akiwa na umri wa miaka 89.