Maswali ya Wasomaji: Betri na aurora kwenye setilaiti moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Nimesikia Wajapani walirusha setilaiti ndogo, Reimei, ichunguze aurora, ile mianga ya angani karibu na ncha za Dunia, na papo hapo ijaribu betri mpya. Mbona kazi hizo hazihusiani? Na kwa nini mianga hiyo hatuioni huku kwetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha, maana nusu ya jibu unaishika kila siku. Simu ikiletwa kifuniko kimebinuka, unajua betri imevimba. Seli za Reimei zilikuwa za jamii hiyo, lithiamu ndani ya mfuko laini wa alumini. Kule juu hakuna hewa ya kuubana mfuko kwa nje, ungetutumka. Basi seli zikamiminiwa epoksi, ikaganda, zikafungiwa kwenye kasha la alumini. Setilaiti ilirushwa kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi huko Kazakhstan, tarehe 24 Agosti 2005, kilo 70 hivi, haifiki mifuko miwili ya saruji. Ilizunguka Dunia kwa dakika kama 97, na kila ilipoingia kivulini betri ndiyo iliyoibeba. Nani angethubutu kuijaribu betri ngeni kwenye setilaiti kubwa ya mabilioni?

Sasa aurora. Mimi nakaa Sahare, na usiku wa giza naziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa baharini. Taa naziona, dagaa waliojikusanya chini yake anawaona aliye chomboni. Mtu wa Norway naye huona mwanga wa kijani, yaani oksijeni iliyogongwa na elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, kilomita 100 na zaidi juu ya kichwa chake. Elektroni zenyewe yeye hawezi kuziona. Reimei, ikipita kwenye kimo cha kilomita zaidi ya 600, ilizipima zikishuka, huku kamera yake ikipiga picha palepale zinapotua, kwa rangi tatu. Kupata yote mawili kwa mpigo ndiko wataalamu walikokuwa wakikutafuta, na hilo mimi nalistaajabia mpaka leo.

Kwetu elektroni hizo hazifiki kwa kuwa usumaku wa Dunia huziongoza zishukie kandokando ya ncha, na Tanga iko jirani na ikweta.

Na hizo betri zilizovimba hapo kibandani, mwanangu, usizitoboe kuzitoa hewa. Zinashika moto.