Maswali ya Wasomaji: Nimwamini yupi kuhusu Jefferson?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa ualimu hapa Tabora. Likizo hii nimesoma vitabu viwili vya maisha ya Thomas Jefferson, yule aliyeandika Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776 na baadaye akawa rais wa tatu. Kimoja ni cha zamani. Kinasema habari kwamba alizaa na mtumwa wake, Sally Hemings, ni uzushi wa maadui zake. Cha pili ni cha juzijuzi, na kinawataja watoto sita wa Sally kama watoto wa Jefferson bila hata kusita. Waandishi wote wawili ni wasomi wakubwa. Nimwamini yupi? Na nikitaka kuendelea, nianze na zile juzuu sita za maisha yake alizoandika Dumas Malone?

Msomaji, Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umenishika pabaya. Hilo la kwamba ni uzushi, mimi mwenyewe nimelifundisha darasani miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1986 nilinunua juzuu ya nne ya Malone kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Ya nne peke yake, nyingine sikuzikuta. Kwa hiyo Jefferson wangu mimi hakuwa na utoto: alianza akiwa na miaka 57, siku anaapishwa urais mwaka 1801, akaishia 1805. Mwishoni kabisa, hadithi ikiwa imekwisha, kuna kiambatisho kinachoipima habari ya Sally na kuikataa. Malone anaandika kwa utulivu, kama mzee wa baraza asiyepandisha sauti, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumbishia. Nilichukua penseli nikaandika pembeni "uzushi", nikapiga mistari miwili chini yake.

Mwaka 1999 kijana niliyemfundisha alirudi kutoka masomoni ughaibuni akaniletea kitabu cha Annette Gordon-Reed, kilichotoka 1997. Huyu mama ni mwanasheria, na suala lenyewe alilishika kama kesi. Shahidi ni nani? Siku hiyo alikuwa wapi? Na kwa nini huyu kaaminiwa neno lake tupu, yule kapuuzwa? Nilikasirika kurasa mia za mwanzo. Baada ya hapo hasira ikahamia kwenye penseli yangu.

Mashahidi wenyewe ni hawa. Mwaka 1873 Madison Hemings, fundi seremala aliyeishi Ohio, alilieleza gazeti la huko kwamba yeye ni mtoto wa Jefferson. Alisema mama yake alipelekwa Paris akiwa msichana, Jefferson alipokuwa balozi wa Marekani kule. Kwa sheria ya Ufaransa angeweza kudai uhuru wake, na akagoma kurudi Virginia mpaka Jefferson akamwahidi kwamba watoto atakaowazaa wataachwa huru wakifika miaka 21. Wanahistoria walimsoma, wakamweka kando.

Upande wa pili wako wajukuu wa Jefferson wa ndoa. Mjukuu wa kike, Ellen Coolidge, aliandika mwaka 1858 kwamba mwenye watoto wale ni Samuel Carr, mpwa wa Jefferson. Kaka yake Ellen, kwa maelezo yaliyoandikwa na mtu aliyezungumza naye, alisema ni Peter Carr. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja na baba wake wa kumtaja, na bado hao ndio walioaminiwa. Ukiwa mwalimu wa zamu ukaletewa maelezo ya namna hiyo juu ya dirisha lililovunjwa, unajua utafanya nini.

Familia ilisema pia kwamba mtoto mmoja aliyefanana mno na Jefferson alizaliwa wakati yeye na Sally walikuwa mbali mbali kwa miezi 15. Hapa ndipo Malone ninapomwonea huruma. Katika kila juzuu ameweka orodha ya tarehe: Jefferson alikuwa wapi, alisafiri lini, alirudi nyumbani Monticello lini. Kazi ya mkono wake mwenyewe. Watu walipochukua tarehe hizo wakazilinganisha na siku walizozaliwa watoto wa Sally, kati ya 1795 na 1808, walikuta kwamba kila mara, miezi tisa nyuma, Jefferson alikuwa Monticello. Miezi 15 ile haikuonekana popote. Mzee alijenga mzani mzuri kuliko wote, akasahau kupima.

Kisha mwaka 1998 kikaja kipimo cha vinasaba. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa, kwa hiyo walipima damu ya wanaume wa ukoo wa baba yake mkubwa, Field Jefferson, wakailinganisha na ya mzao wa kiumeni wa Eston, kitinda mimba wa Sally. Zikalingana. Za ukoo wa Carr hazikulingana. Kipimo hicho hakitaji jina la Thomas. Kinasema tu ni mwanamume wa ukoo wa Jefferson, na wako wanaong'ang'ania mpaka leo kwamba labda ni mdogo wake, Randolph. Lakini ukiweka pamoja damu, tarehe na maneno ya Madison, mimi sioni pa kukimbilia. Taasisi inayoitunza Monticello nayo ilifikia hapo mwaka 2000. Kwa hiyo katika suala hili mwamini huyo wa juzijuzi, ila mdai akuonyeshe amefikaje.

Kuna neno moja litakusaidia, na sisi tunalo tayari: suria. Madison alitumia neno la Kiingereza la maana hiyohiyo kumweleza mama yake. Lakini usilichukue la pwani ukalipachika Virginia bila kuangalia. Kwa sharia ya Kiislamu mtoto wa suria, baba akimkubali, ni huru na anarithi, na ndiyo maana Unguja imetawaliwa na masultani waliozaliwa na masuria. Virginia ilikuwa imepitisha sheria tangu 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Baba awe rais, mtoto anabaki mali ya shamba. Na lingine, ambalo lilinifanya niweke kitabu chini nikatoke nje kidogo: Sally alikuwa mdogo wake marehemu mke wa Jefferson, kwa baba mmoja.

Sasa hilo la juzuu sita. Usianze nazo. Malone alitoa ya kwanza 1948 na ya mwisho 1981, akiwa na miaka 89 na macho yamekaribia kuzimika. Hizo si za likizo moja. Anza na kitabu kimoja kinachokwenda kuanzia kuzaliwa mpaka kaburini, kilichoandikwa baada ya 1998. Na kabla hujanunua, kifungue nyuma. Nenda kwenye faharasa, herufi H, tafuta Hemings. Uone jina lina kurasa ngapi, na kama ndugu zake Sally wamo au yumo yeye tu. James, kaka yake, alijifunza upishi Paris kwa amri ya Jefferson. Mwandishi asiyemjua James hajaingia jikoni, na Monticello bila jiko ni picha ya ukutani. Kisha tazama tanbihi. Mimi husoma tanbihi kwanza siku hizi, mke wangu ananicheka kwamba nakula mfupa naacha nyama.

Nikuonyeshe tanbihi zinavyolipa. Jefferson aliweka daftari la shamba kwa mkono wake: majina ya watumwa, nani kapewa blanketi, nani kapewa samaki wangapi. Kwenye jina la Harriet, binti wa Sally, imeandikwa kwa kifupi kwamba alitoroka mwaka 1822. Ukiishia hapo unasema masikini, alikimbia. Lakini Edmund Bacon, mnyapara wa shamba, alisimulia uzeeni kwamba kwa agizo la Jefferson alimlipia Harriet nauli ya gari la farasi mpaka Philadelphia na kumpa dola 50. Kutoroka gani huko kwa kulipiwa nauli? Bacon huyohuyo akasema Harriet si mtoto wa Jefferson, eti alikuwa akimwona mwanamume mwingine akitoka chumbani kwa Sally alfajiri. Basi fanya hesabu: Harriet alizaliwa 1801, na Bacon alianza unyapara mwaka 1806. Kila unaponukuliwa shahidi, fanya hesabu ndogo kama hiyo pembeni. Kwa penseli, tafadhali.

Na usiache mambo mengine ya mzee huyu yakupite kwa sababu ya Sally. Deni lake lilizidi dola laki moja, na lilisababisha watu 130 kuuzwa mnadani mbele ya nyumba yake Januari 1827. Kwenye jiwe la kaburi aliagiza yaandikwe mambo matatu na urais haumo. Barua za mkewe alizichoma zote. Hapo mwandishi yeyote atakayekusimulia mapenzi yao kwa kirefu, muulize kayatoa wapi.

La mwisho, hukuuliza lakini litakufaa kuliko juzuu zote: barua za Jefferson na wenzake zinasomwa bure kwenye intaneti, katika mtandao wa Founders Online. Anza na ile ya Abigail Adams, mke wa John Adams, aliyoandika London tarehe 26 Juni 1787, kumjulisha Jefferson kwamba binti yake mdogo amefika salama kwa meli. Anasema mtoto hakuja na yaya aliyetarajiwa, maana yule alikuwa mgonjwa. Amekuja na msichana wa kama miaka 15 au 16, dada wa mtumishi aliye naye Jefferson huko Paris. Msichana huyo alikuwa na miaka 14. Tafuta barua kwa tarehe, kwa sababu Abigail hakuandika jina lake.